Pini Isiyokuwa Kwenye Orodha

Kila jioni, king'ora cha karakana ya reli kilipolia, Nabalayo alikuwa tayari kwenye foleni ya bomba na ndoo yake. Ulikuwa mwaka wa 1958, na nyumbani kwao kulikuwa landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru: chumba kimoja chenye mlango wa kijani, na jiko la makaa nje. Alichota maji, akawasha makaa, akasonga ugali wa mtu mmoja, akaula peke yake. Wanaojua kupika watakuambia kwamba ugali wa mtu mmoja ni mgumu kusonga kuliko wa watu wanne. Haukosi kuzidi, na ule unaobaki kwenye sahani unakukumbusha wasiokuwapo.

Mama yake alikuwa Kimilili tangu mwezi wa nne, akimuuguza nyanya aliyeanguka akavunjika nyonga. Baba yake, Masinde, alikuwa mpiga makaa, mlisha moto wa injini, kwenye treni ya kwenda Eldoret. Alikuwa nyumbani siku mbili au tatu kwa wiki, na siku hizo usingizi ulimchukua zaidi kuliko maongezi. Asipokuwapo, Nabalayo alilala kwa jirani, Mama Adero, kwenye mkeka mmoja na Adero, rafiki yake wa darasa la sita. Mama Adero alimpenda, lakini kila usiku alipomfunika Adero blanketi na kumwita kwa majina ya utoto, Nabalayo aligeukia ukutani. Alikuwa mpweke, na upweke wa kukaa katikati ya watu wema hauna wa kumlalamikia.

Mwisho wa kila mwezi baba alimwambia aandike barua. Nabalayo alikuwa na mwandiko mzuri, na barua zote alizianza kama alivyofundishwa: "Kwa mama mpendwa, salamu nyingi. Sisi huku sote ni wazima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali." Ndivyo barua ya adabu ilivyoanza siku hizo, hata kama paa la nyumba lilikuwa linawaka moto.

Jumatatu ya mwisho wa muhula, Mwalimu Jepkorir, aliyeongoza skauti wa kike shuleni, aliwasomea orodha. Jumamosi asubuhi lori la misheni lingewapeleka Subukia, wakapige hema kando ya mto kwa siku sita. Nyakati hizo za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni watu hawakusafiri hivihivi, na mwalimu alikuwa amekwenda mara nne ofisini kwa mkuu wa wilaya kutafuta kibali. Kila msichana alete blanketi moja, sahani na kikombe cha bati, kijiko, sabuni, nguo za kubadilisha, kamba ya mkonge na mkebe wa maharagwe. Kisha akaongeza kwamba Ijumaa jioni angekagua mizigo na miguu. Mwenye kidonda au homa angebaki, kwa sababu kutoka kambini hadi hospitali ni mbali.

Nabalayo aliposikia neno miguu, alivuta wake nyuma chini ya dawati.

Alikuwa na funza. Mmoja alikuwa chini ya ukucha wa kidole kidogo, na wawili kwenye kisigino, wote mguu wa kushoto. Mama alipokuwapo, kila Jumamosi alikaa mlangoni na pini, akaiunguza kwenye moto, akakagua miguu ya kila mtu wa nyumba, baba asiachwe. Funza hakupata hata wiki ya kupumzika. Lakini sasa Jumamosi zilipita tupu. Nabalayo alijaribu mwenyewe, ila kisigino ni mahali pabaya, huwezi kukiona bila kujipinda. Na hakutaka kumwambia mtu, kwa sababu muhula uliopita Cheptanui wa darasa la nne alionekana na funza, wasichana wakamzunguka wakimwimbia kwamba nyumbani kwao hawana maji. Nabalayo aliimba pamoja nao, tena kwa sauti.

Basi alilala na soksi kwa Mama Adero, akisingizia baridi, akaitumainia safari ile kama mgonjwa anavyotumainia dawa. Aliona wazi moyoni: wasichana ishirini hemani, wote mbali na mama zao, wote sawa na yeye. Kwa siku sita hangekuwa yeye pekee asiye na mama.

Jumanne walifunga mizigo. Kwa Mama Adero ilikuwa kama sherehe. Mama Adero aliviringisha blanketi, akaketi juu yake ili likaze, akamwonyesha Adero namna ya kuweka vitu vizito chini, kisha akachomeka andazi katikati ya nguo na kusema hajui limefikaje. Nabalayo alikwenda kufunga wake nyumbani. Alikuwa na mfuko alioushona kwa gunia la unga. Aliweka maharagwe juu, yakamwagika. Akayaweka chini, sahani ikamchoma mgongoni. Alifunga na kufungua mara tatu, na mara ya tatu akakaa sakafuni akiushika mfuko mapajani, akamwita mama yake kwa sauti ndogo. Hakuna aliyeitika, naye alijua hivyo kabla ya kuita.

Jumatano mwalimu aliwatembeza na mizigo mgongoni hadi chini ya mlima wa Menengai na kurudi, ili wazoee. Wakati wa kurudi Nabalayo alikuwa wa mwisho, akichechemea. Mwalimu Jepkorir alimngoja, akamwuliza mguu una nini.

"Nimejikwaa tu, mwalimu," Nabalayo alisema.

Mwalimu alimpa pole, akambebea mfuko wake hadi shuleni. Ile pole ilimchoma Nabalayo kuliko kisigino.

Jioni hiyo alichukua sindano ya kushonea magunia akajichokoa bila kuiunguza, akiwa na haraka na giza likiingia. Alipasua tu ngozi. Kufikia Alhamisi mchana kisigino kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu, na kilipiga kama moyo.

Baba alirudi alasiri hiyo, uso bado mweusi kwa makaa. "Hujambo, mama?" alimwuliza, maana ndivyo alivyomwita binti yake.

"Sijambo, baba."

"Na safari?"

"Nimefunga kila kitu."

Baba alinawa, akanywa chai, kisha akasema waandike barua ya mama kabla Nabalayo hajaondoka. Nabalayo akaandika aya ya kwanza bila kufikiri. Baba akamwambia aisome. Akasoma salamu, akasoma kwamba sote ni wazima wa afya, na hapo baba akainua mkono.

"Hapo. Soma tena hapo."

Akasoma tena.

"Sote ni wazima?"

"Ndivyo barua inavyoanza, baba."

"Najua inavyoanza. Lakini umeniletea chai ukikanyaga kwa upande, kama kuku aliyefungwa kamba. Hebu lete mguu."

Nabalayo aliweka kalamu chini na kulia. Alilia kwa ajili ya mguu, kwa ajili ya ugali wa mtu mmoja, na kwa ajili ya mfuko aliofunga mara tatu. "Mama ndiye hunitoa," alisema. "Na mama hayupo."

Masinde aliinuka. Alifungua kijisanduku cha mkewe, akatoa pini, akaiunguza kwenye makaa. Vidole vya mpiga makaa ni vinene na vina makovu, wala havikuumbwa kwa kazi ndogo, lakini vilishika kisigino kile polepole mno. Ilichukua karibu saa nzima. Mmoja, wa pili, kisha yule wa kidoleni aliyekaidi kuliko wote. Jasho lilimtoka usoni likachora mistari kwenye masizi yaliyobaki. Alipomaliza alisafisha kwa maji moto yenye chumvi, akafunga kitambaa safi.

"Kosa si lako peke yako," alisema hatimaye. "Mimi nakuuliza hujambo, wewe unasema sijambo, basi nalala. Sijawahi kuuliza swali la pili. Lakini na wewe, Nabalayo, sikiliza. Salamu ni heshima, na heshima ina mwisho wake. Ukishaitikia, sema linalokuuma. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa funza hawajakuua, ila umewalisha wiki nzima kwa aibu yako, nao wamenenepa."

Nabalayo alitaka kucheka na kulia pamoja. Kisha akakumbuka mwalimu, akamwambia baba habari ya kujikwaa.

Ijumaa asubuhi walikwenda shuleni wote wawili. Baba alisimama kando kidogo, akaacha binti yake aseme mwenyewe. Nabalayo alisema kwamba hakujikwaa, kwamba alikuwa na funza, na kwamba alidanganya ili asiachwe nyuma. Mwalimu Jepkorir aliinama akatazama kisigino.

"Jumamosi hutakwenda," alisema. "Kidonda hiki kikiingia matope ya mtoni, nitakurudisha kwa machela. Nenda zahanati leo. Jumanne lori linarudi kuchukua unga. Dresa wa vidonda akisema mguu umekauka, utapanda."

Lori liliondoka Jumamosi likiwa limejaa wasichana wakiimba. Adero alipunga mkono hadi walipokata kona. Nabalayo alirudi landhi akihisi mji mzima umehama ukamwacha. Lakini mlangoni alimkuta baba ameketi na pini mkononi, na makaa yamewashwa.

"Ni Jumamosi," baba alisema. "Lete miguu. Kisha utakagua yangu."

Baba alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, na siku hizo tatu walisonga ugali wa watu wawili. Baba alipokuwa macho aliuliza swali la pili, na mara nyingine la tatu. Jumatatu jioni walifungua mfuko wa gunia wakaupanga upya: maharagwe chini, blanketi likakaa upande wa mgongo, kamba ikazungushwa nje. Barua ya mama nayo waliiandika upya, bila ile aya ya kwanza. Mwisho kabisa baba aliweka pini ndani ya kiberiti kitupu, akakichomeka ndani ya mfuko ule, ingawa kwenye orodha ya mwalimu pini haikuwapo.

Jumanne dresa alibonyeza kisigino, akasema kimekauka. Nabalayo alifika Subukia mchana, juu ya magunia ya unga. Jioni, wasichana wengine walipokuwa wakiosha miguu mtoni, alimwona Cheptanui amekaa mbali kwenye jiwe, amevaa viatu. Aliujua ukaaji ule; ukaguzi wa Ijumaa ulikuwa umepita siku nne, na funza hahitaji zaidi ya hizo. Alikwenda akaketi karibu naye, akavua kiatu cha kushoto, akamwonyesha makovu matatu.

"Nilikuimbia vibaya muhula ule," alisema. "Nisamehe. Nina pini, na moto upo. Lakini twende kwanza tumwambie mwalimu."

Cheptanui alitazama yale makovu, kisha akafungua kamba za viatu.

Siku chache baada ya kurudi Nakuru, barua ya mama ilifika. Nabalayo alimsomea baba kwa sauti. Yale maneno ya wazima wa afya hayakuwamo popote. "Mwanangu," mama alikuwa ameandika, "barua zako za kwanza nilizisoma nikaziweka. Hii niliisoma nikaamka. Usinifiche tena ili nisiwe na hofu. Hofu ni kazi yangu, na siwezi kuifanya nisipojua. Nyanya sasa anatembea kwa fimbo. Nakuja kwa treni ya mwisho wa mwezi. Mwambie baba yako aniwekee pini yangu mahali pake."

Baba alimwomba aisome tena pale mwisho. Nabalayo akasoma, kisha akatoa kiberiti kwenye mfuko wa gunia, akairudisha pini kwenye kijisanduku cha mama.