Kufuli la Gerald

"Melkiori, nani kafunga mlango?" Rebeka aliuliza alipofika mbio kibandani.

Melkiori, anayeongoza wapanda mlima, alionyesha kufuli tu. Damu ilimtiririka usoni. Miguuni pake Mwalimu Catherine, mgeni wake aliyestaafu ualimu, alitetemeka huku ameushika mkono uliovunjika. Mvua ya mawe iliwakuta kileleni, wakakimbilia kibanda, mlango ukagoma. Mwalimu akateleza kwenye ngazi.

Rebeka aliokota jiwe, akalipiga kufuli mpaka likaachia.

Kibanda kile cha mlimani, juu ya mji wa Kiomboi, kilijengwa enzi za mkoloni ili wapanda mlima wapate pa kujikinga. Babu yake Rebeka alikitunza, sasa anakitunza yeye, na hakijawahi kufungwa. Jana alikuja na mchumba wake, Gerald. Wakati wa kushuka Gerald alimwambia, "Tangulia, nakuja."

Rebeka akawasha moto, akamfunga mwalimu mkono kwa kanga, kisha akapiga simu.

"Gerald, umefunga kibanda?"

"Nimechoka, Beka. Mtaa mzima unanicheka. Kila siku uko huko na Melkiori!"

"Ulijua leo ana wageni?"

Gerald alikohoa tu.

"Gerald, ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka alowe kidogo, ashike adabu."

Rebeka akakata. Meseji ikaingia: "Nisamehe mpenzi. Ni wivu tu, kwa sababu nakupenda."

Akawapigia vijana wa kijijini walete machela.

Jioni vijana walipokuja na machela kumchukua mwalimu, Gerald alikuwa nyuma yao, anahema.

"Shikamoo mwalimu. Pole sana."

Mwalimu aligeuza uso.

"Beka, nisikilize..."

"Usiniite Beka! Ungelala na mwanamke mwingine ningelia, labda ningekusamehe. Wewe umewafungia watu mlango kwenye mvua ya mawe. Mama wa watu angekufa hapa!"

"Ningejuaje mvua itakuwa kubwa hivyo?"

"Kwa hiyo ikiwa ndogo ni sawa?"

"Basi sema ukweli, unampenda Melkiori!"

"Melkiori ana mke na watoto, na wewe ulikula pilau ya harusi yake! Shika machela, ubebe mpaka hospitali. Ukifika, nenda kwenu."

Gerald alibeba. Njia nzima hakuna aliyemsemesha.

Usiku ule baba yake Rebeka, Mzee Mughwai, alimsikiliza binti yake mpaka mwisho.

"Mahari ya watu tumeshapokea, mwanangu. Umefikiri vizuri?"

"Baba, siku moja angenifungia mimi nje na watoto wangu."

Mzee akainuka, akachukua fimbo yake ya kuswagia ng'ombe.

Kulipokucha, ng'ombe wa mahari waliswagwa kurudi Mtinko, kwa kina Gerald. Rebeka mwenyewe ndiye aliyefungua zizi.