Nasra na Mtama wa Chunguni

Kila alfajiri, kabla moshi haujaanza kupanda kwenye majiko ya Mahurunga, Nasra na rafiki yake Mariamu walikuwa tayari njiani. Walikimbia kutoka shuleni hadi kwenye mikorosho ya mwisho ya kijiji na kurudi, huku Mwalimu Tumaini akiwasubiri na filimbi yake. Mwalimu huyo alikuwa mwenyeji wa Songea, mwanamke mwembamba, mkali kwa wavivu, na alifundisha sayansi na michezo. Nasra alikuwa darasa la sita. Katika mbio za mita mia nane, wenzake hawakupata kuuona uso wake. Waliujua mgongo tu.

Mwaka huo, 1998, alikuwa na sababu kubwa ya kukimbia. Baba yake, Ismaili, alikuwa kuli bandarini Mtwara na alipanga chumba Magomeni, mtaa wa mjini humo. Alipokuja nyumbani kwa sikukuu ya Idi alimwambia, "Ukichaguliwa kuja mjini kwenye mashindano mwezi wa sita, nitaomba ruhusa kazini nije uwanjani. Nataka nikuone kwa macho yangu." Baba hakuwa amemwona akikimbia hata siku moja, na tangu hapo Nasra hakuwa na ndoto nyingine.

Mwezi wa tatu mpunga ulianza kutoa masuke huko bondeni, na ndege hawakuhitaji kuitwa. Mama alikuwa amejifungua, kwa hiyo Nasra alifuatana na Bibi Asia, mama yake baba, kwenda kuamia ndege wasile mpunga. Siku chache baada ya kufika, mvua kubwa za mwaka ule zikaujaza mto Ruvuma, na maji yakafunga njia ya kurudi kijijini. Shamba lao lilikuwa mahali palipoinuka, likasalimika. Lakini hapakuwa na pa kutokea.

Nasra akawa mtu wa dungu. Alikaa juu ya jukwaa hilo la miti, akivuta kamba ndefu iliyofungwa makopo. Ndege wakija, alivuta na makopo yakalia, wakiondoka, alikaa. Mvua zilinyesha, zikaacha, zikanyesha tena, naye aliyatazama maji bila la kufanya. Wiki zikapita.

"Bibi, miguu yangu itasahau kukimbia," alisema siku moja kwa huzuni.

"Haisahau, ntoto wangu," Bibi Asia alijibu. "Nguvu ni kama ntama wa chunguni. Usipouchota, haupungui. We kaa tu. Utatoka hapa una nguvu za kuuza!"

Nasra alimwamini. Kwani angefanya nini kingine?

Maji yalipopungua na mpunga ukavunwa, mwezi wa tano ulikuwa unakwisha. Ilibaki wiki moja tu timu ya shule ichaguliwe. Asubuhi ya kwanza mazoezini Mariamu alimwacha mbali sana, na Nasra alihema hadi akashika magoti.

"Umekaa muda mrefu, Nasra," Mwalimu Tumaini alimwambia. "Anza na mwendo mdogo, kesho ongeza kidogo. Usishindane na mtu. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Aliitikia kwa mdomo tu. Kidogo kidogo itamfikisha wapi, na baba anangoja? Basi akaanza kukimbia kwa siri: alfajiri, mchana wa jua kali, na tena magharibi, hadi akatapika vichakani. Siku ya tatu mapaja yalikakamaa. Siku ya tano aliinuka kitandani kwa kushika ukuta. Alidhani miguu imemfanyia uvivu, naye akaiadhibu kwa kuikimbiza zaidi.

Siku ya uchaguzi filimbi ililia. Mzunguko wa kwanza Nasra alikwenda na wenzake. Wa pili, miguu ilikataa. Aliiamuru, akaibembeleza, akaitukana kimoyomoyo. Ilikuwa kama miguu ya mtu mwingine. Mariamu alimpita. Wengine wakampita. Hata Zainabu wa darasa la nne, aliyekimbia ameshika kandambili mkononi, alimpita. Nasra akaanguka mchangani, na ilibidi anyanyuliwe.

Jioni Mwalimu Tumaini alifika nyumbani kwao. Aliyatazama mapaja yaliyovimba, kisha akauliza taratibu, "Nasra, niambie kweli. Ulikimbia kidogo kama nilivyokuagiza?"

Nasra angeweza kuyasingizia mafuriko, na hakuna ambaye angebisha. Alimtazama mama, akamtazama bibi.

"Hapana, Mwalimu. Nilikimbia mara tatu kwa siku. Nilijificha."

Mwalimu alivuta kigoda karibu na jiko. "Ahsante kwa kusema kweli. Sasa tazama moto huu. Mwili nao huchoma chakula kwa hewa tunayovuta, ndipo tunapata nguvu. Na moto hurusha cheche. Cheche za mwilini hatuzioni, lakini zikizidi, huunguza misuli kutoka ndani. Ndiyo maana mwili una walinzi wa kuzizima. Mtu akifanya mazoezi mara kwa mara, kidogo kidogo, mwili huzizoea zile cheche na kuongeza walinzi. Akikaa miezi, walinzi hupungua. Wewe ulirudi na walinzi wachache, ukawasha tanuri."

"Nipe dawa, Mwalimu, niende na timu kesho."

"Dawa ya kukupeleka kesho haipo. Pumzika, kunywa maji, kula mapapai na mboga za majani, vyakula hivyo huwasaidia walinzi wako. Uvimbe usipopungua, mama akupeleke zahanati. Lakini kesho huendi."

Nasra alilia kwa sauti. "Baba atasimama uwanjani ananitafuta!"

Simu haikuwepo kijijini, wala mtu wa kutangulia mjini na ujumbe. Mwalimu alimshika bega. Bibi Asia aliinama, akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

Asubuhi Nasra alijikongoja hadi lilipoegeshwa lori la kuipeleka timu mjini.

"Baba yako nimwambie nini?" Mariamu aliuliza, naye machozi yakimlengalenga.

"Mwambie kweli. Mwambie nilitaka kuiingiza miezi miwili katika wiki moja."

Mariamu alirudi na nafasi ya tatu. Alisimulia kwamba baba yake Nasra alimtazama kila msichana usoni, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Alipoambiwa kweli, alimnunulia Mariamu soda.

Mwaka uliofuata mpunga ulitoa masuke tena, na Nasra akarudi bondeni na bibi yake. Safari hii kamba ya makopo alimwachia Bibi. Yeye aliwafukuza ndege kwa miguu, akikimbia juu ya matuta kuzunguka shamba. Siku za mwanzo alizunguka kidogo tu. Kila wiki akaongeza kidogo, na siku ya kupumzika alipumzika. Ndege wakahamia kwa majirani, na majirani wakanuna.

Asubuhi moja baba yake alitokea, amepewa likizo. Hakumwita mwanawe. Alipanda dungu, akakaa kando ya mama yake na kutazama.

"Shikamoo, mama. Huyo ndiye Nasra?"

"Marahaba. Ndiye. Mwaka jana ntoto yule nilimponza mie," Bibi Asia alisema. "Nilimwambia nguvu ni ntama wa chunguni. Nikasahau kuwa ntama ukikaa bila kuguswa huingia fukusi, ukatafunwa. Naye akataka kuumaliza wote kwa siku moja. Sote wawili tulikosea. Mwili unataka kidogo, lakini kila siku."

Nasra alikata kona ya mwisho ya shamba, akainua macho, akamwona baba yake. Hakusimama. Alipita mbele ya dungu akikimbia vizuri, pumzi yake imetulia.

Baba aliishika kamba, akaivuta kwa nguvu zake zote, na makopo yakalia shamba zima, ingawa hakukuwa na ndege hata mmoja.