Mkono Begani mwa Marit

Marit ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, na haya niliyapata kinywani mwake, jikoni kwetu Duluth, Marekani, akimenya viazi. Hakulia wakati anasimulia. Hakutetemeka. Aliongea kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

Mwaka ule alikuwa Helsinki, Ufini, kwa muhula mmoja wa masomo. Wanafunzi wa kule wakichoka na vitabu hupanda meli Jumamosi, wakavuka bahari hadi Tallinn, nchi jirani ya Estonia, wakarudi Jumapili. Mwishoni mwa Novemba alikwenda na Brenna, Mmarekani mwenzake wa Wisconsin aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja. Jumamosi ilipita vizuri tu. Walikunywa supu, wakanunua soksi za sufu, Brenna akapiga picha kila mlango aliouona.

Jumapili mchana walibakiwa na muda kidogo kabla ya meli. Wakaamua kupanda mnara wa kanisa moja la zamani.

Ngazi za mnara ule ni za mawe, nyembamba, zinazunguka kama gamba la konokono. Hakuna cha kushika ila kamba. Mkikutana na mtu, mmoja lazima ajibane ukutani. Walifika juu wakihema. Upepo ulikuwa wa kukata masikio.

"Mimi nashuka," Marit alisema.

"Tangulia, nakuja. Ukianguka nitakuruka tu, sitakuokota."

"Shoga gani wewe!"

Akaanza kushuka peke yake. Alipofika katikati, pale ambapo mwanga wa juu haufiki na wa chini bado, mkono ukamtua begani. Bega la kushoto. Vidole mbele, dole gumba nyuma.

Alijua ni Brenna. Hata hivyo, alisema, si Brenna aliyemjia akilini. Baba yetu alipokuwa mgonjwa alikuwa akishuka ngazi za nyumbani hivyohivyo, amemshika Marit bega lile, hadi alipofariki mwezi wa tatu. Tulimzika, na Marit hakutoa chozi. Aliosha vyombo vya waombolezaji, akapanga mabegi yake, akaenda kusoma.

Kwa hiyo hakushtuka. Wala hakugeuka.

"Nishike tu," alisema. "Usiniachie."

Vidole vikakaza.

Wakashuka. Hatua zilizosikika zilikuwa za mtu mmoja. Baridi ilipenya koti, ikapenya sweta, ikafika mfupani. Kisha baridi ikaisha. Bega nalo likaisha. Halikuuma. Halikuwasha. Ni kama halikuwepo.

Alipokanyaga ngazi ya mwisho, sauti ya Brenna ilitoka mbali, juu kabisa.

"Marit! Nisubiri! Ndiyo kwanza naanza kushuka!"

Mkono ulikuwa bado begani.

Mlangoni alikaa bibi mmoja mkata tiketi, anafuma. Alimtazama Marit usoni. Kisha akatazama juu kidogo ya bega lake. Sindano zikasimama.

"Umemwambia nini?" akanong'ona.

"Nani?"

"Binti, umemwambia nini?"

"Anishike. Nimemwambia anishike."

Bibi akainamisha macho kwenye nyuzi zake. "Rudi naye juu. Sasa hivi. Mwambie akuachie, kabla hujavuka mlango huu."

Marit akazitazama zile ngazi. Aliniambia kwamba alijua anapaswa kuogopa. Aliutafuta woga ndani yake kama unavyotafuta funguo mfukoni. Haukuwepo.

Brenna akatokea, pumzi juu juu. "Twende, meli inatuacha! Unasubiri nini, ubatizwe?"

Hapo Marit akaacha kumenya. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu aanze kusimulia.

"Sikutaka aniachie, Leif," alisema.

Basi, akauvuka ule mlango wa mnara.

Alirudi nyumbani Desemba. Kwenye uwanja wa ndege mama alimkumbatia, akajitoa haraka, akasugua viganja vyake. "Mbona umepoa hivi, mwanangu?" Daktari alimpima mishipa ya fahamu, akaiona mizima. Alimchoma sindano begani, tone la damu likatoka, na Marit akalitazama likiteremka kana kwamba ni la abiria aliyekaa kiti cha jirani.

Mimi nilimwambia ni msiba. Nikamwambia huzuni isipotoka huganda, nayo hutafuta mahali pa kukaa mwilini. Nilimwambia alie, angalau mara moja. Akasema sawa. Akaendelea na viazi.

Kesho yake mchana tulitoka wote wawili kuondoa theluji uani. Ilikuwa inaanguka nzito, bila upepo. Muda mfupi tu tukawa weupe, kofia, mikono, migongo. Marit alikuwa mbele yangu, ameinamia sepetu, koti lake jeusi limefunikwa lote.

Lote, isipokuwa begani.

Kwenye bega la kushoto theluji haikushika. Palikuwa na doa jeusi nyuma, la dole gumba. Nikazunguka mbele. Vidole vinne, virefu, vimelala kuelekea kifuani. Nikapapasa pale kwa glavu yangu. Palikuwa na kitambaa tu. Theluji iliendelea kuanguka, na pale haikutua.

Ndipo nikaliona bega la kulia.

"Marit," nikanong'ona. "Uliniambia bega moja."

Hakuacha kuchota. Mgongo wake ulikuwa umepinda kidogo, kama wa mtu aliyebeba mtoto mkubwa.

"Amechoka kutembea," alisema.

Akaegemeza sepetu ukutani, akaingia ndani taratibu, akishika nguzo ya baraza. Mimi nikabaki uani, nikitazama alipopita. Mimi ni mzito kuliko Marit, kwa mbali sana. Nyayo zangu ziliishia kwenye theluji. Zake zilikuwa zimezama hadi kwenye nyasi.