Tembea Hadi Mlangoni

Nyundo ya fundi viatu huamka kabla ya mtaa. Ko, ko, ko. Majirani wamezoea. Wengine hawana haja ya saa.

Mke wake hukaa karibu na dirisha, maana hapo ndipo simu inapokamata mtandao. Fundi anashona, mke anauza. Anapiga picha za viatu, anaziweka kwenye soko la mtandaoni, anajibu wateja, anafunga vifurushi. Zamani wateja walikuja kwa miguu yao. Siku hizi wanaopita mbele ya kibanda wanapita tu. Nyumba ile inakula kwa sababu ya simu.

Asubuhi moja mke alisoma ujumbe mara mbili. Kisha akaiweka simu chini kama sufuria ya moto.

"Baba watoto, tumekwisha."

"Nani kafa?"

"Duka ndilo linataka kufa. Yule muuguzi ametushtaki sokoni."

Muuguzi huyo alikuwa amenunua viatu vyeusi, namba thelathini na tisa. Vilimbana. Akaomba kuvirudisha. Mke akamtumia picha ya ubao.

Ubao wenyewe ulining'inia juu ya mlango wa kibanda. Aliuandika marehemu baba yake fundi, kwa rangi nyekundu: MALI IKIUZWA HAIRUDI. Mzee alimwachia mwanawe kibanda, nyundo, ubao na kalibu, ile miguu ya mbao ambayo fundi huivalisha ngozi ili ipate umbo la kiatu. Mke alipofungua duka la mtandaoni, aliweka picha ya ubao juu kabisa. Wote wawili waliona inatosha.

Haikutosha. Muuguzi aliandika mbele ya watu wote: "Nasimama wodini kutwa nzima. Viatu vimenitoa malengelenge. Nimeomba kurudisha, nimeonyeshwa ubao." Na wenye soko waliongeza lao: msipoandika, ndani ya siku saba, masharti ya haki ya kurudisha bidhaa, duka litafungwa.

"Ubao ni wa baba," alisema fundi. "Siutoi."

"Basi tutautafuna," alijibu mke.

Mlango ulijaa mtu. Alikuwa dada yake fundi, ameleta ndala iliyokatika. Dada huyu hufanya kazi kwenye ofisi ya vifurushi. Kila siku anapokea bidhaa zinazorudishwa kwenye maduka ya mtandaoni, na kila siku anasikia watu wakigombana.

"Wifi, mbona uso kama umeumwa na nyigu?"

"Nyigu ni kaka yako."

Alielezwa yote. Akasoma ujumbe wa muuguzi, akatikisa kichwa.

"Kaka, wewe si fundi wa kalibu. Wewe ni kalibu yenyewe. Mbao tupu."

"Unamtukana baba?"

"Namtetea. Mteja alipovaa kiatu hapa, baba alimwambia nini?"

Fundi alikuwa na msumari mdomoni. Akautoa polepole.

"Tembea hadi mlangoni, urudi."

"Na kikibana?"

"Anajaribu kingine. Au anaondoka na pesa yake."

"Baba hakupokea pesa kabla mteja hajatembea. Mtu akishatembea, akaridhika, akalipa, ndipo ubao ulianza kazi. Ninyi mmechukua ubao, mmeacha mlango. Muuguzi alitembea wapi? Ndani ya simu?"

Fundi akaweka nyundo chini.

"Leteni karatasi," alisema dada. "Mteja wa mbali naye apewe nafasi ya kutembea. Mpeni siku ngapi?"

"Mbili," alisema fundi.

"Mtu yuko zamu siku mbili hajafika kwake! Wengi wanaotumia ofisi yetu wanatoa kumi na nne, tangu siku mzigo unapofika."

Mke akaandika: siku kumi na nne.

"Andika pia," fundi akadakia, "asituletee kiatu alichochezea mpira."

"Hilo ni kweli, ila liseme kwa adabu. Ajaribu ndani ya nyumba, soli ibaki safi, kirudi na boksi lake."

"Na viatu vilivyoshonwa kwa kipimo cha mguu wa mtu mmoja?" aliuliza mke. "Vikirudi nitamuuzia nani?"

"Hivyo visirudi, isipokuwa vina kasoro. Lakini mteja alisome hilo kabla hajalipa, si baada."

"Na nauli ya kurudisha mzigo?" mke akauliza tena.

"Mteja, nani mwingine?" alisema fundi.

"Akibadili mawazo tu, yeye. Kosa likiwa lenu, ninyi. Na muuguzi, kosa ni la nani?"

"Lake. Aliagiza thelathini na tisa, nikampa thelathini na tisa."

Dada akavua kiatu chake cha kiwandani. Nacho kilikuwa thelathini na tisa. Mke akachukua rula, akapima ndani yake, kisha akapima kalibu ya mzee yenye namba hiyo. Kalibu ilikuwa fupi kwa nusu ya upana wa kidole. Fundi akanyang'anya rula, akapima mwenyewe mara tatu. Mbao haikurefuka.

"Kosa letu," alisema. Neno lilitoka kwa shida kuliko msumari uliopinda.

Mchana huo mke alimwomba radhi muuguzi, akalipia nauli ya kurudisha viatu. Vilipofika, pesa ilirudi siku iyo hiyo, kwa njia ile ile iliyolipiwa. Kwenye masharti waliahidi kurudisha pesa ndani ya siku tano. Chini ya kila kiatu waliandika urefu wa ndani kwa sentimita. Picha ya ubao waliiondoa, wakaweka maneno haya mahali pake: "Vaa kiatu nyumbani kwako. Tembea hadi mlangoni, urudi. Kikibana, kirudishe ndani ya siku kumi na nne, kikiwa safi. Tutakupa kingine au pesa yako."

Wenye soko walisoma, wakaridhika. Duka likabaki wazi.

Fundi aliogopa viatu vitarudi kama mvua. Mwezi mzima vilirudi jozi mbili, na wateja wapya wakazidi. Mtu akijua anaweza kurudi, haogopi kuingia.

Muuguzi naye aliagiza jozi nyingine. Safari hii alipima mguu wake kwanza, akachagua arobaini. Siku ya nne aliandika, mbele ya wote: "Nimetembea hadi mlangoni, nikarudi. Nikaenda tena. Hivi siwarudishii."

"Soma tena," alisema fundi.

Mke akasoma tena. Fundi akatazama ubao wa baba juu ya mlango, akaweka msumari mdomoni, akashika nyundo.

Ko, ko, ko.