Walisema Mto Wetu Ulikufa Zamani

Tope la kijivu lilinimwagikia kichwani, likaniingia machoni, likaniingia mdomoni…

Nilipofumbua macho nikaona beseni. Na aliyelishika ni Mama Ngalula, jirani yetu, mama yangu wa ubatizo!

"Fidélie! Weye njo uliuza mutoni yetu!"

"Mama, sikuuza kitu…"

"Nyamaza! Jina yako njo iko pale!"

Ua wa parokia ulijaa watu. Mmoja akanivua kitambaa cha kichwa. Mwingine akapiga kelele, "Bamufukuze yee kwanza!"

Ngojeni, wapendwa. Nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Mi ni ingénieur wa labo, ile maabara ya hapa Kolwezi. Kazi yangu ni kutoa ADN, yaani vinasaba. Siyo vya watu, ni vya maji na matope. Samaki akipita mtoni anaacha magamba, ute, kinyesi. Vinazama, vinalala ndani ya tope miaka na miaka. Ukichimba chini kabisa unakutana na samaki walioliwa na mababu zetu. Hata mwiba haujabaki, lakini alama yao ipo! Kazi hiyo naipenda kama watu wanavyopenda kuimba.

Sasa, mwaka ule ukingo wa bwawa la mabaki ya madini ulibomoka. Tope la kijivu likaingia mto wetu wa Kamilembe, likafunika bustani za Kilundu, mtaa niliozaliwa. Waliokuwa wakivua, wakakunja nyavu.

Kampuni ikasema nini?

"Mto ulikufa zamani. Na hao wa Kilundu wamejenga bila haki. Waondoke."

Waondoke hivyo hivyo! Bila kiwanja, bila kitu. Nyumba zikachorwa msalaba mwekundu. Ya mama yangu pia, ambamo nakaa naye.

Tume ya jimbo ikaamua labo iseme. Kama mto ulikuwa hai mpaka siku ukingo ulipobomoka, kampuni itahamisha watu kwa heshima, kila familia na kiwanja chake. Kama ulikuwa umekufa, tingatinga ziingie.

Nilichimba mwenyewe, maji kiunoni, nikizamisha bomba refu mpaka tope la zamani. Nikajaza mirija yangu, tope la chini mpaka la juu, nikaifungia kwenye friza ya labo. Kisha nikampigia dada yangu mkubwa, Valérie.

"Yaya, tutashinda!"

"Mungu asifiwe, mudogo yangu."

Mashine ya kusoma iko Lubumbashi. Majibu yakaenda moja kwa moja kwa tume ili mtu asiyaguse. Siku ya mkutano, pale ua wa parokia, mwanasheria wa kampuni akasimama kuyasoma. Samaki wa mto: hakuna. Hata mmoja!

Akanigeukia, anatabasamu.

"Tunamshukuru Ingénieur Fidélie kwa kazi yake safi."

Hapo ndipo beseni la Mama Ngalula lilipokuja…

Nani alinitoa mikononi mwa watu? Valérie. Alinikumbatia na tope langu lote, akanifuta uso kwa kitenge chake.

"Pole, mudogo yangu. Mambo ya labo, njo iko vile."

Nilimlilia begani.

Mi nilimshuku bosi wangu, Docteur Kitenge. Mkutano mzima hakufungua mdomo. Kesho yake asubuhi nikaingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Docteur, ulituuza?"

Akanitazama sana.

"Nilikuwa nangojea weye unieleze. Friza iko mikononi mwako."

Kumbe na yeye ananishuku mimi!

Akageuza kompyuta nione majibu yote ya Lubumbashi. Mkutanoni walisoma habari za samaki wa mto tu, lakini mashine ilitaja kila kiumbe iliyemkuta. Cha kwanza nilichoona kilinitoa jasho. Tope la chini na la juu yanafanana kabisa! Haiwezekani. La chini ni la enzi za mababu, la juu ni la jana.

"Mirija ilibadilishwa," nikasema.

"Njo vile. Lakini ona hapa." Akacheka kwa uchovu. "Tilapia ya kufuga. Pumba ya mahindi. Na bata mzinga! Fidélie, dindon mu mutoni?"

Yeye alicheka. Mi sikucheka…

Kwa sababu mi najua bwawa la samaki lenye banda la bata mzinga juu yake. Mavi yanaanguka majini, samaki wanakula, wananona. Kilundu nzima hakuna mwingine anayefuga hivyo. Krismasi nilikula samaki wa bwawa lile.

"Nusu ya pili iko salama?" nikauliza. Kila tope tunalochimba tunalipasua katikati kwa urefu, na nusu moja Docteur anaificha mbali na labo, mahali hata mi sipajui.

"Iko. Unajua nani alifanya hivi?"

"Nitakuambia, Docteur. Acha kwanza niende nyumbani."

Nilimkuta Valérie bwawani, anatupa pumba.

"Yaya, ulitia tope ya hapa mu mirija yangu?"

Alifungua mdomo kukana. Akaona macho yangu, akaufunga.

"Bale batu ba kampuni balisema tope ni tope… balisema hakuna mutu atajua."

"Juu ya nini, Yaya?"

"Balisema nyumba yangu haitaguswa! Bwana yangu Akram hana tena kazi, gari yake ilikufa, batoto bako pale… Ungekuwa weye, ungefanya nini?"

"Ulinikumbatia! Niko na tope kichwani, watu wanataka kuniua, na weye unanikumbatia!"

Machozi yalimtoka, akaendelea kutupa pumba.

"Na mu labo uliingia namna gani? Ufunguo uko kwangu ku nyumba."

Bata mzinga wakaanza kugombana juu ya banda. Valérie akawaangalia wao badala ya kuniangalia mimi.

"Uliza mama."

Wapendwa… nikaenda moja kwa moja nyumbani.

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, ulimupa Valérie ufunguo yangu?"

"Nilimupa. Ile siku ya Mungu, weye ulikuwa ku kwaya."

"Ulijua anaenda kufanya nini?"

Mchi ukasimama.

"Nilijua."

Nikakaa chini, palepale kwenye vumbi. Mi nilikuwa nazama mtoni kuokoa nyumba ya mama huyu huyu!

"Fidélie, sikia," akasema polepole. "Weye uko na masomo, uko na kazi, hauna mutoto. Ukianguka, utaamuka. Valérie akianguka, anaanguka na batoto yake. Mama anashika nani? Anashika ule anaanguka mubaya."

"Na nyumba yako, Mama? Si ina msalaba?"

"Nitakaa kwa Valérie."

"Na Mama Ngalula? Na wengine wote?"

Akarudi kutwanga.

"Usiseme mbele ya batu. Ni dada yako."

Nilisema.

Nilisimama mbele ya tume, nikaeleza habari ya bata mzinga, nikaomba nusu ya pili isomwe. Mwanasheria akaruka.

"Nani aliyebadilisha? Mtaje!"

Mama alikaa mstari wa mbele, rozari mkononi. Valérie alikuwa nyuma yake na Akram mumewe, ambaye hakujua lolote.

"Dada yangu Valérie," nikasema. "Tumbo moja na mimi. Na watu wa kampuni ndio waliomtuma."

Akram alimgeukia mkewe… ile sura sitaisahau.

Watu wa tume wenyewe walikwenda na Docteur kuchukua nusu ya pili, wakaipeleka Lubumbashi. Majibu yakaja: kambale, ngege wa mto, na wale samaki wa mdomo mrefu tuliokula utotoni. Wapo chini, wapo katikati, wapo juu mpaka tabaka la kijivu. Baada ya hapo… hakuna.

Mto ulikuwa hai. Uliuawa siku ile.

Tume ikaamuru kila familia ipate kiwanja, na kampuni itandaze mezani ramani yake ya kweli. Watu wakasogea kuangalia. Akram akaweka kidole katikati kabisa, palipochorwa barabara mpya ya magari makubwa.

"Hapa si kwetu?" akauliza.



Kumbe nyumba ya Valérie ilipangwa kubomolewa toka mwanzo! Bwawa, banda, vyote. Ahadi iliyomfanya aniuze ilikuwa hewa tupu.

Leo Valérie ana kiwanja chake halali, na Mama anakaa kwake. Mama Ngalula alikuja labo kuniomba radhi, tukalia wote wawili. Dada alinituma ujumbe, neno moja tu: "Asante." Sijajibu. Siyo kwamba namchukia. Bado sijapata neno la kumrudishia.

Nilichojifunza ni hiki. Ndugu anayekuuza si lazima awe anakuchukia. Mama ananipenda, hata leo najua ananipenda. Ila alitupima, akaona mimi ndiye ninayefaa kupotea, kwa sababu nilionekana mwenye nguvu.

Na weye mzazi unayesoma hapa, yule mutoto wako unayesema kila siku "huyu anajiweza"… mpigie simu leo. Muulize kama kweli anajiweza.