Deraya ya Kiden

Kila Jumamosi asubuhi Kiden alikuwa na kazi tatu kabla ya jambo lingine lolote: kupanga madumu kwenye foleni ya boza, lori la kuuza maji, kufagia uwanja, na kuosha glasi za chai za mama yake. Mama yake, Teresina, aliuza chai kando ya barabara ya Nimule hapo Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba. Walikuwa wamerudi kutoka kambi ya wakimbizi Uganda miaka sita iliyopita. Sasa vita vilikuwa vimerudi pia, na majirani wengi walikuwa wamefunga mizigo yao na kwenda tena kule kule walikotoka. Darasani kwa Kiden madawati mengi yalikaa matupu.

Labda ndiyo sababu Mwalimu Yangi aliandaa mchezo wa kuigiza wa kufunga muhula. Ulihusu mji wa miaka mia mbili ijayo, na mlinzi anayeshuka kutoka nyotani akiwa amevaa deraya, yaani vazi gumu la vita linalofunika mwili mzima.

"Deraya tutaitoa wapi?" wanafunzi waliuliza.

Kiden alinyoosha mkono. "Nitaitengeneza mimi, mwalimu."

Wengine walicheka, lakini Kiden hakuwa anatania. Aliomba maboksi ya biskuti kwa madereva wa malori. Alikata madumu yaliyopasuka yakawa mabega na kifua. Kwa ndani alibandika sponji la godoro kuukuu ili plastiki isimkwaruze Pitia, mwanafunzi mwenzake mrefu aliyechaguliwa kuwa mlinzi. Fundi wa mageti alimpa rangi ya fedha iliyobaki kwenye kopo. Ilipokauka, lile rundo la takataka likaanza kung'aa kama kitu kilichotoka mbali kweli.

Aliyemsaidia zaidi ni Mjomba Ezbon. Hakuwa ndugu yao wa damu. Alikuwa jirani waliyeishi naye ua mmoja. Kazi yake ilikuwa kusambaza mikate madukani. Mwaka uliopita, risasi iliyopotea njia ilimpiga chini ya goti. Jeraha lilipona, lakini wayo wake haukuinuka tena. Ili atembee, hospitali ilimpa kishikizo cha plastiki nyeupe kilichofuata umbo la mguu, kikafungwa kwa mikanda mitatu ya kunata, ile inayolia kraa unapoifungua.

"Kazi yako na hiki changu ni kitu kimoja," alimwambia Kiden akimwonyesha. "Ukikaza sana, unaumiza. Ukilegeza, kinahama. Acha nafasi ya kidole kimoja, na pale penye mfupa weka kitu laini. Umeelewa, fundi?"

Kiden alipenda kuitwa fundi.

Tatizo lilikuwa miundi. Kila Pitia alipopiga hatua, vipande vya miguuni viliteremka hadi kwenye viatu. Kiden alijaribu kamba, zikamkata. Alijaribu mpira wa tairi, ukambana mpaka Pitia akapiga kelele.

"Jumatatu ni mazoezi mbele ya shule nzima," Pitia alisema. "Yakidondoka, nitavaa shuka tu. Sitaki kuchekwa mimi."

Jumamosi kabla ya mazoezi hayo, mchana, Ezbon alikuwa amelala baada ya kazi. Kishikizo chake, alichokiosha kila wiki, kilining'inia kwenye ua wa matete kikikauka. Kiden alipita mara ya kwanza akakitazama. Alipita mara ya pili akakigusa. Alijiambia kwamba atairudisha mikanda baada ya Jumatatu, kwamba Ezbon anaweza kutumia kitambaa kwa siku mbili, kwamba hata hivyo ni mikanda tu. Mara ya tatu aliichomoa yote, akaificha ndani ya blauzi, akaingia ndani.

Mikanda ilikuwa mirefu kuliko alivyohitaji. Akaikata.

Jumatatu alfajiri, Kiden alimsikia Ezbon akizungumza na mama yake uwanjani.

"Teresina, hujaona mikanda yangu? Nimetafuta kila mahali."

"Labda mbwa, au upepo. Nenda hospitali wakupe mingine."

"Nilipita jana. Dada wa pale anasema vifaa havijafika tangu barabara ifungwe. Hajui vitafika lini." Fimbo yake iligonga ardhi. "Haidhuru. Nitafunga kamba."

Kiden alijifunika shuka kichwani. Alingoja mpaka mlio wa fimbo ya Ezbon ulipopotea barabarani, ndipo akatoka.

Shuleni, Pitia alitembea, akaruka, akachuchumaa, na hakuna kipande kilichosogea. Wanafunzi walipiga makofi. Mwalimu Yangi alimwita Kiden mbele akasema, "Huyu ndiye mhandisi wetu!" Kiden alitabasamu kwa midomo tu. Makofi yale yalimwingia kama mchanga machoni. Pitia alipovua deraya na ile mikanda ikalia kraa, Kiden aligeuka nyuma haraka, kana kwamba kuna mtu amemwita kwa jina.

Jumanne alikula nusu ya chakula chake. Mama yake alimgusa paji la uso. "Una malaria?"

"Hapana, mama. Nimechoka tu."

Jumatano, alipotoka shule, aliwakuta watu wamesimama kando ya barabara. Mikate ilikuwa imetapakaa kwenye mtaro wa maji machafu. Ezbon alikuwa ameketi chini, mkono wa kushoto ameukumbatia, na mguuni kamba ya katani ilikuwa imelegea na kuburuta kama mkia. Vijana wawili walimwinua wakampeleka nyumbani. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba. Teresina alikifunga kitambaa chenye maji baridi, kisha akakimbia kwenda kuwafahamisha wenye duka la mikate.

"Kiden," Ezbon aliita kutoka chini ya rakuba, kibanda cha nyasi cha kukaa kivulini. "Njoo, fundi. Mkono mmoja hauwezi kufunga kamba, na wewe ndiye unayejua kufunga vitu mwilini. Nisaidie."

Kiden alipiga magoti mbele yake. Alipofungua kamba aliona ngozi ilivyochunika, kidonda chekundu kikizunguka mguu. Ezbon alikuwa ametembea hivyo siku tatu bila kulalamika. Alijaribu kufunga fundo, likamshinda. Akajaribu tena.

"Pole pole," Ezbon alisema. "Mbona leo fundo linakushinda?"

"Mjomba, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mikanda niliichukua mimi. Iko kwenye deraya." Machozi yalimshuka. "Nilitaka kuirudisha, lakini nimeikata."

Ezbon alimtazama Kiden, na uso wake, uliokuwa na utani siku zote, ukawa mgumu.

"Jumatatu ulinisikia nikiuliza?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi ondoka kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Ondoka, nisije nikasema neno baya."

Kiden angefurahi zaidi kama angepigwa kofi. Mama yake aliporudi, alimweleza yote mwenyewe, bila kuruka chochote. Teresina alikaa kitako kando ya jiko lake la chai.

"Nimekulea kambini kwa taabu, lakini sikukufundisha hivyo," alisema. "Kulia hakutamfungia Ezbon mguu. Utafanya nini?"

Kiden alifikiri. Mikanda iliyokatwa isingeungika ikabeba uzito wa mtu mzima. Aliangalia huku na huku, kisha akachukua mkoba wake wa shule. Mikanda yake ya mabegani ilikuwa mipana, imara, na ina vifungo vya kukaza na kulegeza. Alimimina madaftari mezani, akachukua mkasi.

"Una uhakika?" mama yake aliuliza.

"Huu ni wangu," Kiden alijibu.

Walishona jioni ile mpaka giza lilipoingia, mama akipitisha sindano nene, Kiden akipima. Kwa ndani waliweka sponji lililobaki. Alhamisi asubuhi walikwenda pamoja kwa Ezbon. Kiden hakuthubutu kumwangalia usoni. Alifunga mkanda wa kwanza, akapenyeza kidole. Wa pili ulikuwa unagusa kidonda. Akaufungua, akaupandisha, akaongeza sponji. Wa tatu ulikaa vizuri. Ezbon alisimama, akatembea hadi kwenye ua, akarudi.

"Kwais," alisema. Ni neno la Juba la kusema vizuri, na ndilo pekee alilosema siku hiyo.

Shuleni, Kiden aliwaeleza Mwalimu Yangi na Pitia ukweli, akaing'oa mikanda mbele yao. Pitia alikasirika, maana onyesho lilikuwa kesho yake. Lakini Kiden alileta suruali kuukuu, na wote wawili wakaketi kuvishona vipande vya miundi moja kwa moja kwenye kitambaa. Vilikaa. Kiden aliona aibu upya: njia ilikuwapo tangu mwanzo, ila hakuitafuta.

Ijumaa mlinzi wa nyota alishuka mbele ya wazazi, na watoto wadogo wakapiga mayowe ya furaha. Mjomba Ezbon alikuwa amekuja, mkono umefungwa, ameketi benchi la nyuma. Baada ya onyesho alimwita Kiden akampisha akae.

"Sijakasirika tena," alisema. "Nilikasirika sana, sitakuficha. Kilichoniuma kuliko mkono ni kwamba ulinisikia nikitafuta, ukajifunika. Kosa la kwanza ulilifanya kwa dakika moja. La pili ulilifanya kila siku uliyonyamaza."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza, maana una mikono mizuri na utatengeneza vitu vingi. Kabla hujachukua kitu cha mtu, hata kiwe kidogo, jiulize mwenzako anakitegemea kwa jambo gani. Wewe uliona mikanda. Mimi nilikuwa nimesimama juu yake."

Kiden aliinamisha kichwa. "Nimeelewa."

"Vizuri. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kidonda kingali kidogo." Ezbon aliinuka, akakanyaga chini mara mbili kuhakikisha mguu umekaa sawa. "Sasa twende tukamsaidie mama yako kubeba glasi zake za chai. Nami kesho alfajiri nina mikate ya kupeleka."

Wakatoka pamoja, Ezbon akitangulia.