Koti Alilomshonea Mdogo Wake

Kigoda cha tano kilikuwa cha moto.

Fundi alikigusa kwa bahati tu, akikisogeza ili apite na sinia la vifungo. Jumapili ile walikuwa wanne mezani kama kawaida: yeye, mdogo wake, dereva wa lori na mwalimu wa hesabu. Hakuna aliyekuwa amekikalia kile cha tano. Hata hivyo kilikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Fundi akafuta kiganja kwenye suruali, akagawa vifungo, vyeupe vya thamani ndogo na vyeusi vya thamani kubwa, wakaanza kucheza poka.

Karakana ilikuwa yake. Cherehani sita, meza ndefu ya kukatia, marobota ya kitambaa cha sare za shule yamepangwa mpaka karibu na dari. Mkataji alikuwa mdogo wake, na kwa jinsi mkono wake ulivyonyooka, watu walisahau jina lake wakamwita Mkasi. Fundi ndiye aliyemfundisha kukata. Ndiye aliyemfundisha na poka, Mkasi akiwa bado hajaota ndevu. Siku hizi Mkasi alikuwa akicheza kila Jumamosi kwenye ukumbi wa karata mjini, na wenyeji wa pale wakimwona anaingia waliulizana nani yuko tayari kuumia leo.

Siku chache kabla ya Jumapili ile, Mkasi alimfuata kaka yake kwenye meza ya kukatia.

"Kaka, nataka kuacha kazi. Nataka poka ndiyo iwe kazi."

"Umelogwa?"

"Sijaamua bado. Nimejipa miezi mitatu nijipime." Akamwonyesha daftari. Hakuwa ameandika alichoshinda. Aliandika amekaa mezani saa ngapi, alikasirika wakati gani, aliingia kwa pupa wapi. "Kushinda siku moja hata mjinga anashinda. Mimi nataka kujua, nikipigwa mfululizo, nitatulia au nitapagawa? Kule ukumbini siwezi kujua, nusu yao wamelewa. Kipimo changu ni wewe. Nikikaa na wewe Jumapili kumi na mbili nikatoka nimesimama, naondoka. Nikishindwa, narudi kwenye mkasi wangu na sitaki kusikia tena habari hizi."

Kisha akaongeza kwa haya, "Na nikifaulu, unishonee koti la kwendea mashindanoni."

Fundi akasema sawa. Hata alitabasamu. Lakini Mkasi alipotoka kwenda kula, alibaki amesimama pale, jua la saa sita likiwa utosini, pasi ikifuka mvuke, na kifua kikimchoma. Kipaji kile alikuwa nacho yeye kwanza. Ila yeye alioa mapema, akapata watoto pacha, akawa na karakana ya kulisha watu sita, na hakuna siku mtu alimwuliza kama yuko tayari kwa lolote. Akasema kwa sauti, mle ndani mkiwa hamna mtu:

"Yeyote anayenisikia, anipe macho ya kuona anachokiona yeye."

Ndipo ikaja Jumapili ya kile kigoda.

Katika mgao wa tatu, Mkasi alisukuma vifungo vyake vyeusi vyote katikati ya meza. Uso mkavu kama ukuta. Fundi alikuwa karibu kutupa karata zake, akasikia harufu ya wanga wa nguo ulioungulia kwenye pasi, na chini ya harufu hiyo, nywele zilizochomwa. Kitu kikapumua nyuma ya sikio lake la kushoto.

*Malkia na tisa. Anazuga.*

Fundi akafuata dau. Mkasi akageuza karata: malkia, tisa, hana kitu.

"Lo," dereva akasema. "Leo mkubwa kaamka."

Ikawa hivyo Jumapili ya pili, ya tatu, ya nne. Sauti ile haikuwahi kutaja karata za dereva wala za mwalimu. Ilikuwa na shughuli na Mkasi tu. Mkasi akawa anakonda. Akiandika daftari lake, kalamu ilisimama muda mrefu.

"Nakosea wapi, kaka?"

"Huna subira, mdogo wangu," Fundi alimjibu, na maneno yale yalimkolea mdomoni kama asali.

Lakini sauti haikubaki karakanani. Ilimfuata nyumbani, ikaketi naye wakati wa chakula. *Tazama kipande cha nyama mkeo alichompakulia mtoto. Tazama na chako.* Ilimwonyesha mlango mpya wa jirani. Ilimwonyesha kwamba pacha wa kike humkimbilia baba yake mdogo kabla hajamkimbilia yeye. Haikusema uongo hata siku moja, na hilo ndilo lililomtesa, maana kila alichoonyeshwa alipokitazama alikuta ni kweli.

Mke wake, Mama Pacha, alimsimamia mlangoni alasiri moja.

"Baba Pacha, unaongea na nani?"

"Niongee na nani? Niko peke yangu."

"Nimesikia sauti mbili," alisema, na yeye mwenyewe alinong'ona bila kujua kwa nini ananong'ona.

Jumapili ya tisa Mkasi alifunga daftari kabla ya vifungo kukusanywa. "Imetosha," akasema. "Nimejipima nimejijua. Siko tayari, na sidhani kama nitakuwa."

Fundi alingoja moyo wake utulie. Alikuwa amepata alichokitaka. Badala yake pumzi ile ikasogea karibu zaidi, ikamgusa ndewe ya sikio.

*Bado ana vile vidole.*

"Koti nitakushonea hata hivyo," Fundi akajisikia anasema. "La kukuliwaza."

Alilishona siku nne, hakuruhusu mtu alishike. Siku ya tano, saa saba mchana, Mama Pacha aliingia karakana kumletea chakula. Washonaji walikuwa wametoka kwenda kula. Koti lilikuwa limetundikwa ukutani, jeusi, limenyooka, limependeza mpaka akaweka sahani chini, akapenyeza mkono kwenye mkono wa koti ili aone lilivyokaa. Mkono wake haukutokea upande wa pili. Akasukuma, ukagota. Akaugeuza mkono wa koti, akaona mdomo wake umefungwa kwa mishono midogo, myembamba, iliyobanana kama meno. Na mkono wa pili vivyo hivyo. Akavuta ncha ya uzi. Haukuwa uzi. Ulikuwa unywele mrefu, na ulinuka moto.

Ndipo akasikia mnong'ono nyuma ya marobota, akaufuata, akapita kati ya kitambaa cha bluu na kitambaa cha kijivu, harufu ya kuungua ikizidi kila hatua, mpaka akaona pale kwenye kona Mkasi amelala usingizi wa mchana juu ya vitambaa, mkono mmoja umening'inia, na mbele yake mumewe amepiga magoti, sindano imetungwa, vidole viwili vya mdogo wake amevibananisha sawasawa kama mtu anayekunja pindo, na ncha ya sindano imeshagusa ngozi, ikitafuta pa kuanzia, huku mdomo wake ukitoa sauti mbili kwa pamoja, moja yake na moja si yake.

"Baba Pacha," alisema polepole. "Weka sindano chini."

Fundi hakugeuka. "Nampunguza kidogo tu," alimjibu, kwa ile sauti isiyo yake. "Kamzidi kaka yake."

Mama Pacha hakungoja. Aliingiza kiganja chake kati ya sindano na vidole. Sindano ikamzama. Ukelele wake ukamwamsha Mkasi, na ukamwamsha Fundi pia, akakodoa macho, damu ya mkewe ikimtiririkia mkononi, asijue imetoka wapi.

Jioni ile ile walimpeleka kwa mtabibu, mama wa makamo aliyewahi kuwa muuguzi, aliyewasomea watu dua katika chumba nyuma ya duka la dawa. Alikunja pua kabla Fundi hajaketi.

"Hili halikupotea njia," akasema. "Liliitwa. Na lililoingia kwa mdomo hutoka kwa mdomo. Uliomba nini, na dhidi ya nani?"

Fundi akatazama mlango. Mkasi alikuwa amesimama nje yake.

"Nitafanya chochote kingine," akanong'ona. "Nitafunga. Nitachinja."

"Sikukuuliza hayo. Mdogo wako aingie."

Mkasi akaingia, akaketi mkekani mbele ya kaka yake. Mtabibu akamshika Fundi taya, akaanza kusoma. *Mwache abaki chini yako,* sauti ikamsihi, kwa mara ya kwanza ikiwa na hofu. *Ukisema, atakuzidi hata kwa wema.*

"Nilikuwa naziona karata zako," Fundi akasema.

Kitu kikamkwaruza ulimi. Mtabibu akapenyeza vidole viwili kinywani mwake, akashika ncha ya unywele.

"Endelea."

"Zote. Tangu Jumapili ya kwanza. Niliomba nizione." Unywele ukatoka kadiri alivyosema, mtabibu akiuzungusha kwenye kiganja. "Hukukosea popote. Nilikuonea wivu. Nakuonea na sasa hivi. Nilitaka urudi kwenye meza yangu uzeekee hapo kama mimi." Alilia, akatapika maji meusi, na unywele ukachomoka wote kwa sauti ya uzi unaovutwa. Mtabibu akautupa kwenye jiko la mkaa. Haukuwaka mara moja. Ulijikunja, ukapiga kelele ndogo kama ya paka, kisha chumba kikabaki na harufu ya dawa tu.

Mkasi akamtazama kaka yake.

"Nilikuuliza nakosea wapi. Ukaniambia sina subira."

"Ndiyo."

"Miezi miwili najiona mjinga." Akatoa daftari mfukoni, akalifunua ukurasa kwa ukurasa, na sura yake ikabadilika kidogo kidogo kama ya mtu anayejumlisha. "Nimepigwa Jumapili tisa mfululizo na mtu anayeziona karata zangu. Sikupiga meza. Sikuzidisha dau kwa hasira. Hata moja, kaka. Yote nimeandika humu."

Akasimama.

"Kumbe niko tayari," akasema, wala hakusema kwa furaha.

Aliondoka mwisho wa mwezi. Koti Mama Pacha alilichoma mwenyewe, kwa mkono uliofungwa bendeji. Kwaheri ya Mkasi ilikuwa kwa shemeji yake na kwa pacha. Kwa Fundi aliinamisha kichwa tu. Akaja mkataji mwingine, aliyeharibu kitambaa kila siku, na Fundi hakumgombeza.

Mwaka ulipokaribia kuisha, dereva wa lori aliingia karakana mchana, anahema, na habari: Mkasi ameshika nafasi ya pili katika mashindano makubwa, watu mia tatu, na amepigwa picha.

"Mdogo wako huyo!" dereva akasema. "Mungu mkubwa."

"Mungu mkubwa," Fundi akaitikia.

Dereva alipotoka, Fundi aliweka chaki mezani. Wivu ulikuja, kama alivyojua utakuja, ukamkaa kifuani mzito. Akafumba macho, akageuza sikio la kushoto, akasikiliza. Zilikuwa cherehani tu. Akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi, mpaka mkataji akamwuliza kama anaumwa.

"Hapana," akasema, na machozi yakamtoka kwa nafuu. "Safari hii wivu umekuja peke yake."